Shule ya Vipaji ya Thomas Jefferson: Shangwe za Majira ya Kuchipua Huanzia Darasa la Sita

Machi hadi Juni ndiyo miezi yenye pilika kuliko yote katika Shule ya Sekondari ya Sayansi na Teknolojia ya Thomas Jefferson, iliyoko eneo la Alexandria, Virginia, ambayo wenyeji huiita TJ tu. Wanafunzi wa mwaka wa nne humalizia tafiti zao huku wakisubiri majibu ya vyuo vikuu. Wadogo zao hujiandaa kwa mitihani ya Mei. Nje ya lango, maelfu ya watoto wa darasa la nane na wazazi wao husubiri ujumbe mmoja tu: umepata nafasi, umewekwa kwenye orodha ya akiba, au hukuchaguliwa.

Eneo la Washington lina Watanzania, Wakenya, Wakongo, Warundi na Waganda wengi, na si wachache kati yetu wanaoishi kwenye kaunti ambazo watoto wake wana haki ya kuomba TJ na kusoma bila ada. Hata hivyo, tunapokutana harusini, msibani au kanisani na msikitini, shule hii hutajwa kana kwamba ni ya watu wengine. Makala haya yanaeleza kinachofanyika pale majira haya, mtoto anaingiaje, na kwa nini mzazi anayeanza kuulizia Aprili ya darasa la nane huwa amechelewa.

Shule yenyewe

TJ ilianza mwaka 1985 ndani ya majengo ya sekondari iliyokuwapo tangu miaka ya 1960. Ni shule ya umma, moja ya zile ambazo Virginia huziita shule za gavana, na ina wanafunzi karibu 2,000. Hupokea watoto wa kaunti za Fairfax, Arlington, Loudoun na Prince William, pamoja na miji ya Fairfax na Falls Church.

Masomo yake yamepangwa kwa namna ya pekee. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza husoma biolojia, Kiingereza na teknolojia kwa pamoja: walimu watatu hushika kundi lilelile la watoto, hivyo jaribio lililofanywa kwa mwalimu wa biolojia huandikwa ripoti kwa mwalimu wa Kiingereza, na kifaa chake hutengenezwa kwa mwalimu wa teknolojia. Sayansi ya kompyuta ni lazima kwa kila mmoja. Kufikia mwaka wa nne, mwanafunzi huchagua maabara ya utafiti, kama vile ya roboti, elimunyota, bioteknolojia, sayansi ya ubongo au bahari, na kufanya mradi wake mwenyewe. Anayependa anaweza kuufanya nje ya shule chini ya mtafiti wa chuo kikuu au wa maabara za serikali zilizo jirani. Novemba 2013 satelaiti ndogo iliyotengenezwa na wanafunzi wa TJ ilirushwa kutoka kisiwa cha Wallops, pwani ya Virginia, ikiwa ya kwanza duniani kuundwa na wanafunzi wa sekondari.

Jambo moja linalowafaa sana wazazi wa zamu mbili ni kipindi cha nane. Siku kadhaa za wiki, vilabu na shughuli za wanafunzi hufanyika ndani ya saa za shule, si baada yake. Mtoto anayetegemea basi la shule anaweza kuwa kwenye klabu ya hisabati, midahalo au ngoma bila mtu kuacha kazi ili amfuate jioni.

Miezi minne yenye shughuli

Mwezi Machi huanza na maonyesho ya sayansi ya kaunti, ambapo washindi husonga mbele hadi ngazi ya jimbo na hatimaye mashindano ya kimataifa ya mwezi Mei. Mwezi huohuo, mjini Washington, vijana 40 kutoka nchi nzima hukutana kwa fainali ya shindano la vipaji vya sayansi linalodhaminiwa na kampuni ya Regeneron, lenye zawadi ya kwanza ya dola 250,000. TJ imewahi kupeleka washiriki katika fainali hiyo mara nyingi.

Majira hayo pia wanafunzi huandaa usiku wa mataifa. Vikundi vya asili mbalimbali hupanda jukwaani na ngoma na mavazi ya kwao baada ya wiki nyingi za mazoezi. Mzazi anayedhani shule ya vipaji ni vitabu tu, na aende akawaone watoto wa fizikia wakicheza.

Mwishoni mwa Machi vyuo vikuu vyenye ushindani mkubwa hutoa majibu, na tarehe 1 Mei kwa desturi ndiyo siku ya mwisho ya kuthibitisha chuo. Wahitimu wengi wa TJ huenda vyuo vya umma vya Virginia, hasa Chuo Kikuu cha Virginia, ambako mkazi wa jimbo hulipa ada ndogo kuliko mgeni. Wiki mbili za kwanza za Mei ni za mitihani ya AP, yaani ya masomo ya kiwango cha chuo yanayosomwa sekondari. Alama zake huanzia 1 hadi 5, na anayefaulu vizuri anaweza kuhesabiwa kuwa amekwisha kulimaliza somo hilo chuoni. Mtoto mwenye masomo kadhaa ya namna hiyo huweza kupunguza muhula mzima wa ada, na hilo kwa familia zetu ni pesa ya kutosha kujenga chumba nyumbani.

Kilele ni siku ya utafiti mwishoni mwa mwaka wa masomo, inayojulikana kama tjSTAR. Vipindi vya kawaida husimama. Wanafunzi wa mwaka wa nne hueleza miradi yao mbele ya wenzao, na wanasayansi na wahandisi kutoka nje hualikwa kuzungumza. Mtoto wa mwaka wa kwanza humsikia kaka au dada wa miaka 18 akieleza alichokigundua na alipokwama, na hapo ndipo huanza kufikiri atachagua maabara ipi. Kisha huja mahafali ya Juni.

Mlango wa kuingilia

Kwa miaka mingi mlango wa TJ ulikuwa mtihani. Familia zenye uwezo ziliwapeleka watoto kwenye vituo vya maandalizi kwa maelfu ya dola, na fomu yenyewe ilitozwa dola 100. Mwaka 2020, kati ya wanafunzi 486 waliopewa nafasi, weusi hawakufika hata kumi. Oktoba ya mwaka huohuo bodi ya shule ya Kaunti ya Fairfax iliuondoa mtihani huo. Ada ya fomu nayo ilifutwa.

Utaratibu uliowekwa unakwenda hivi. Nafasi ni 550 kwa mwaka. Kila shule ya kati ya umma katika kaunti na miji husika hutengewa nafasi sawa na asilimia 1.5 ya wanafunzi wake wa darasa la nane, na zilizobaki hushindaniwa na wote. Mwombaji awe na wastani wa alama (GPA) wa angalau 3.5, awe amefika walau Aljebra 1, na awe anasoma sayansi na hisabati kwenye madarasa ya ngazi ya juu yanayoandikwa Honors kwenye fomu za shule. Kisha huandika, akiwa chini ya usimamizi, majibu kuhusu yeye mwenyewe na insha ya kutatua tatizo la hisabati au sayansi. Wasomaji hawaoni jina wala asili yake. Huzingatia pia mazingira yake: kama anapata chakula cha shule cha bure au cha bei nafuu, kama bado anajifunza Kiingereza, kama ana mahitaji maalum ya kielimu, na kama anatoka shule ambayo kwa kawaida haipeleki watoto wengi TJ.

Mzazi aliyefika juzi kutoka kambi ya wakimbizi na mwanawe akawekwa kwenye darasa la wanaojifunza Kiingereza, asome sentensi hiyo mara ya pili. Lugha haimfungii mtoto mlango. Imo miongoni mwa mambo yanayohesabiwa kwa faida yake.

Matokeo yalionekana mwaka 2021. Waombaji walipanda kutoka takriban 2,500 hadi zaidi ya 3,000. Waliotoka familia zenye kipato kidogo walifika robo ya waliochaguliwa, ilhali mwaka uliotangulia hawakufika asilimia moja. Weusi walikuwa kama asilimia 7, yaani watoto 39. Asilimia ya wenye asili ya Asia ilishuka kutoka 73 hadi 54.

Kushuka huko kulizua kesi. Umoja wa wazazi uliishtaki bodi, ukidai kwamba utaratibu mpya uliwalenga Waasia. Februari 2022 jaji wa shirikisho aliwapa ushindi, Mei 2023 mahakama ya rufaa ikabatilisha hukumu hiyo, na Februari 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza. Mwaka 2025 Wizara ya Elimu ya Marekani ikafungua uchunguzi wake kuhusu udahili huo. Kwa hiyo masharti yaliyoelezwa hapa yasomwe sambamba na tangazo la mwaka ambao mtoto wako anaomba.

Huku hakuna anayekuchagua

Sababu ya watoto wetu kuwa wachache kwenye foleni hiyo si akili, na si ubaguzi peke yake. Tumekulia katika mfumo mwingine. Tanzania ina shule za vipaji maalum, kama Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Tabora, Kilakala na Msalato, na mtoto wa kijijini alipangiwa huko na serikali kwa matokeo yake ya darasa la saba. Kenya, hadi mtihani wa KCPE ulipofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, alama ndizo zilizoamua nani aende shule ya kitaifa. Mzazi alisubiri jina libandikwe ukutani au lisomwe redioni. Kazi yake ilikuwa kununua godoro, sanduku na sare.

Virginia mambo ni kinyume. Mtoto anaweza kuwa wa kwanza darasani miaka yote na asipelekwe popote, kwa kuwa nyumbani hakuna aliyejaza fomu. Maombi ya TJ hufunguliwa majira ya kupukutika kwa majani na kufungwa kabla wengi hatujamaliza kupanga sherehe za Krismasi. Anayesubiri kuchaguliwa atasubiri hadi mahafali.

Na fomu nayo ni hatua ya mwisho. Anayetakiwa kuwa kwenye Aljebra 1 darasa la nane lazima awe kwenye hisabati ya ngazi ya juu darasa la saba, na uamuzi huo hufanywa majira ya kuchipua ya darasa la sita, shule zinapotuma karatasi za kuchagua masomo. Karatasi hiyo huingia ndani ya begi, husainiwa haraka mzazi akiwa mlangoni kwenda kazini, na mtoto mwenye kipaji huandikwa hisabati ya kawaida. Hakuna aliyemkataza.

Kabla ya hapo kuna nafasi nyingine. Shule za msingi za Fairfax zina mpango wa masomo ya juu kwa watoto wenye vipaji, unaoitwa AAP kwa kifupi, na mchujo wake mkubwa hufanyika darasa la pili. Mzazi ana haki ya kumpendekeza mwanawe mwenyewe na kuambatanisha kazi za mtoto zinazoonyesha namna anavyofikiri. Upo pia mpango wa Young Scholars, ulioanzishwa kuwatafuta wenye vipaji miongoni mwa watoto ambao kwa desturi husahaulika. Ukiwa na mtoto shule ya msingi, majina hayo mawili yanatosha kuanzisha mazungumzo na mwalimu wake.

La kupima kabla ya kuomba

TJ haimfai kila mtoto mwenye akili. Kazi za nyumbani ni nyingi, safari ya basi kutoka Loudoun au Prince William ni ndefu, na aliyezoea kuwa wa kwanza hukuta darasa zima ni la waliokuwa wa kwanza. Wapo wanaorudi shule za mitaa yao, na wengi hustawi huko. Muulize mtoto kama anaipenda sayansi yenyewe, au anataka tu wewe upate la kusema mbele ya wenzako. Kama anapenda uandishi au sanaa, mtafutie shule inayokuza hayo.

Wenzetu wa Maryland hawawezi kuomba TJ, ila wanazo nafasi zao: programu ya sayansi ya Montgomery Blair huko Silver Spring, na ya Eleanor Roosevelt huko Greenbelt, Kaunti ya Prince George's. Ndani ya Washington kuna Banneker na School Without Walls. Masharti ni tofauti, lakini huko kote ni lazima kuomba.

Jumuiya zetu zinaweza kufanya mengi bila fedha nyingi. Vijana wetu waliopo vyuoni wakae na wa darasa la saba mara moja kwa mwezi kwa hisabati na uandishi wa insha. Mikutano ya vyama ya Septemba itenge nusu saa ya kueleza fomu, kwa Kiswahili, ili mama wa Goma na baba wa Kigoma waelewe sawasawa. Shule zikitoa mkalimani, aombwe. Fairfax ina huduma hiyo kwa wazazi.

Kwa mzazi mwenye mtoto darasa la sita au la saba, kazi ni ya wiki hii. Mwandikie mshauri wa masomo wa shule yake na umuulize mambo matatu: mwanangu yuko kwenye hisabati ipi, atafika Aljebra 1 darasa la ngapi, na nani hufanya uamuzi huo. Kuuliza si ujinga. Ukijibiwa kwamba hajapangiwa, omba apangiwe kabla ratiba ya mwaka ujao haijafungwa.