Boyi au yaya?

Sisi tuliopita Bujumbura tunajua: mwanaume wa kazi za nyumbani anaitwa boyi, msichana wa kulea anaitwa yaya. Tangu enzi za Wabelgiji, wanaume ndio waliowapikia wazungu na kuwapigia pasi. (Wakirudi kwao, walipikiwa na mama!) Mpaka leo, iwe Buyenzi au Rohero, boyi kufua nguo si ajabu, lakini mtoto mchanga anapewa yaya.

Je, mwenye nyumba anajali jinsia? Anajali sana. Utamsikia mama akisema: boyi ana nguvu za kubeba maji, tena hataniletea matatizo na baba watoto. Hapo angalieni, lawama anatupiwa msichana, wakati anayemnyemelea ni baba!

Mkataba Namba 189 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2011, unataka mshahara upangwe bila ubaguzi wa jinsia, na mfanyakazi wa nyumbani akingwe na unyanyasaji.

Basi mzazi, binti yako akiitiwa kazi mjini, usiulize mshahara tu. Uliza atalala wapi, na kama mlango unafungwa kwa ndani.