UKIUMIZA MWENZAKO, NANI ATALIPA?



Katika ukurasa huu tumezoea kusema juu ya kofia ya kazi, vumbi la mgodi, malaria na maji ya kunywa. Leo tunasema juu ya karatasi. Msishangae. Mtu aliyevunjika mguu anahitaji munganga, na munganga anahitaji kulipwa. Wengi wetu tunajua nani atalipa tukiumia sisi wenyewe. Ni wachache waliojiuliza nani atalipa siku watakapoumiza mtu mwingine.

Tuanze na kazini. Mfanyakazi akiumia kazini, au njiani akienda kazini ama akirudi nyumbani, anahesabiwa katika Kasa ya Taifa ya Usalama wa Jamii, CNSS, ambayo wazee wanaijua kwa jina lake la zamani, INSS. Sheria yake ya sasa ni ya tarehe 15 Julai 2016. Lakini angalieni vizuri: Kasa hiyo inamtazama mfanyakazi na jamaa yake. Tuseme unarudi nyumbani na pikipiki yako, unamgonga mama mwenye kubeba ndizi kwenye mtelemko wa Nyamugo. Mguu wako una wa kuutazama. Mguu wa yule mama hauko katika hesabu hiyo.

Na asiransi ya kampani? Hiyo inalinda kampani kwa makosa ya kazi yake na kwa magari yake. Haikufuati nyumbani siku ya Mungu.

Sheria ya nchi yetu juu ya jambo hili ni ya zamani sana, ya tarehe 30 Julai 1888, na ingali inafanya kazi. Ukifungua kifungu cha 258 na vile vinavyofuata utaona hivi: mwenye kumwumiza mwingine kwa kosa lake anapaswa kutengeneza hasara hiyo, hata kama hakukusudia, hata kama ni uzembe tu. Kisha sheria inaendelea mbali zaidi. Mzazi anajibu kwa mtoto wake mdogo anayekaa naye. Mwenye mnyama anajibu kwa mnyama wake, hata kama siku ile alikuwa amepotea. Mwenye nyumba anajibu nyumba ikianguka kwa kukosa kutunzwa au kwa kujengwa vibaya.

Hapo ndipo Bukavu inapoingia. Mji wetu umejengwa kwenye migongo ya milima. Kule Kadutu, Funu, Cimpunda, na hata sehemu nyingi za Ibanda, paa la mmoja liko chini ya miguu ya mwingine. Unajenga ukuta wa kuzuia udongo, unabana simenti kidogo ili franga zitoshe, unasahau kuweka matundu ya kutoa maji. Mvua za mwezi wa tisa zinaanza, udongo unakunywa maji, unakuwa mzito, na ukuta unaelekea upande mmoja tu: kwa jirani wa chini. Watoto wake wamelala pale. Nayo moto ni vilevile. Mbabula inaachwa na makaa mekundu, au mtu ameweka bidoni ya esanse chini ya kitanda ili aiuze kesho, na mbao za nyumba zimeshikana. Moto hauulizi mpaka wa kiwanja.

Hata mbwa. Mbwa aliyefungwa mchana na kufunguliwa usiku anaweza kumla mpita njia. (Akiumwa mtu yeyote, osheni kidonda kwa maji mengi na sabuni muda wa dakika 15, kisha akimbizwe kwenye dispansere apate chanjo ya kichaa cha mbwa. Msingoje kuona kama mbwa atakufa.)

Mtu akiumizwa namna hiyo, fakture ya hospitali inafika mbele ya tribunali. Tunawaona wagonjwa waliokwisha kupona ambao wangali kitandani, kwa sababu aliyewaumiza hana kitu na wao pia hawana. Na aliyeumiza, kama ana mshahara, tribunali inaweza kuamuru sehemu ya mshahara huo ikatwe kila mwezi. Fundi wa mgodi ana mshahara unaojulikana. Yeye ndiye anayetafutwa wa kwanza.

Sasa asiransi. Kuna moja ambayo si ya kuchagua: asiransi ya chombo cha moto. Tangu sheria ya tarehe 5 Januari 1973, kila mwenye motokari au pikipiki anapaswa kuwa na asiransi ya kulipa wale atakaowaumiza. Kodi ya asiransi ya nchi ya tarehe 17 Machi 2015 imeendelea kulazimisha hivyo. Wengine wanainunua kwa ajili ya polisi wa barabarani tu, wanabandika karatasi, hawajui hata kiasi gani itamlipa mtu aliyegongwa. Soma kiasi hicho. Ni maneno yenye maana kuliko yote katika kontra.

Kwa ukuta, mbwa, mtoto na mbabula kuna asiransi ya namna nyingine, ambayo kwa Kifaransa inaitwa responsabilité civile vie privée, au ya kiongozi wa jamaa. Hailipi nyumba yako wala mguu wako. Inalipa hasara ya mwingine kwa ajili yako. Iulize kwa jina hilo. Usipoiuliza utauziwa ya pikipiki na kurudi nyumbani.

Kule Marekani watu wameongeza ya tatu, wanaiita asiransi ya mwavuli. Inakaa juu ya zile zingine: ile ya motokari au ya nyumba ikifika mwisho wa kiasi chake, mwavuli unaanza kulipa. Kuna wanaoinunua kwa kampani ileile yenye asiransi zao zingine, na kuna wanaoinunua peke yake, kwa kampani nyingine. Hata sisi jambo hilo linatugusa. Kwa miaka mingi, tangu 1966, SONAS ilikuwa peke yake katika nchi. Sheria ya 2015 ilifungua mlango, na tangu 2019 kampani zingine zilipewa ruhusa na ARCA, ofisi ya serikali inayosimamia kazi hiyo. Basi mtu anaweza kuwa na asiransi ya pikipiki huku na ya jamaa kule. Si vibaya. Pengine ni bei nafuu. Lakini karatasi mbili za kampani mbili zinaweza kuacha tundu katikati, kama mabati mawili yasiyopandana.

Tufanye hesabu. Tuseme asiransi yako ya chini inalipa mpaka dola 10.000. Ile ya juu imeandikwa kwamba inaanza kulipa hasara ikipita dola 15.000. Umeumiza mtu, na hasara ni dola 18.000. Ya chini inatoa 10.000. Ya juu inatoa 3.000. Zile 5.000 za katikati zinatoka mfukoni mwako, na umelipa asiransi mbili! Muuzaji hakukudanganya, kila mmoja alisema ukweli juu ya karatasi yake. Hakuna aliyesoma ya mwenzake.

Kuna hatari kubwa zaidi. Umesahau kulipa ile ya chini, imekufa mwezi wa sita, ya juu ingali hai mpaka mwezi wa kumi na mbili. Usifikiri ya juu itashuka kukuokoa. Itaanza palepale ilipoandikwa, na yote ya chini ni yako. Kwa hiyo mwenye kununua mbalimbali achukue kontra ya kwanza mkononi anapokwenda kununua ya pili, aweke tarehe za mwisho siku moja, tena aangalie kama majina ya bibi na watoto yameandikwa katika zote mbili.

Asiransi hizi zina mambo zinayokataa. Aliyepiga mtu kwa kusudi atajilipia mwenyewe, na faini ya tribunali vilevile. Biashara ya nyumbani mara nyingi haimo: mama anayeuza esanse mlangoni aulize mbele. Hasara ya vita pia inakataliwa kwa kawaida, na hilo si neno dogo kwetu. Tangu vita vilipofika Bukavu mwezi wa pili wa 2025, mabenki ya mji yalifunga milango. Kabla ya kutoa franga yoyote leo, ulizeni maswali mawili na mtake majibu yaandikwe: malipo yangu yatapokelewa wapi, na mtu aliyeumizwa Bukavu atalipwa wapi. Asiyeweza kujibu, mwacheni na karatasi zake.

Siku ya ajali yenyewe, mtu kwanza, karatasi nyuma. Mpelekeni aliyeumia kwa munganga. Chukueni majina ya walioona. Acheni polisi waandike prosè-verbal, na mpewe kopi. Toeni habari kwa kampani ya asiransi kwa maandishi, upesi, kwa maana kila kontra ina hesabu ya siku zake. Kama mna kontra mbili, andikieni zote mbili siku ileile, hata kama mnaona hasara ni ndogo; jeraha la kichwa linaweza kuonekana dogo leo na kuwa kubwa kesho kutwa. Wala msiahidi kulipa kiasi fulani mbele ya jamaa ya aliyeumia kabla kampani haijajua, kwa sababu inaweza kukataa ahadi hiyo.

Ambaye Kifaransa cha kontra kinamshinda alete karatasi zake zote pamoja, ya pikipiki na ya jamaa, kwa mtu wa kazi za jamii katika kampani, ili zisomwe moja kando ya nyingine. Azilete mbele ya kutia mkono.