Furaha Isiyofungwa Gerezani



Liko swali tulisikialo mara nyingi barazani baada ya sala, nalo huulizwa kwa sauti ya chini, maana mwenye kuuliza huona haya. Husema, "Tumebatizwa, twasali, na watoto wetu twawafundisha njia ya Bwana. Mbona hatuioni furaha ile tuliyosikia ikihubiriwa? Jirani yangu asiyeamini ana nyumba ya mabati na ng'ombe zizini. Mimi nyasi za paa langu zaoza, na mtoto wangu ana homa. Furaha ya Mkristo i wapi?"

Aulizaye hivi hatumkemei. Yeye ni mkweli kuliko yule achekaye kanisani, kisha akifika nyumbani huwagombeza mke na watoto. Twapenda tulitazame swali lake pamoja, kwa kuwa mtu akikosa jibu lake, huenda siku moja akaiacha imani kama aachavyo duka lisilo na bidhaa aliyoitaka.

Kwanza twende Filipi, mji wa Makedonia. Paulo na Sila walivuliwa nguo zao mjini humo, wakapigwa kwa fimbo, wakatiwa katika chumba cha ndani cha gereza, na miguu yao ikafungwa katika mkatale. Usiku wa manane wafungwa wenzao wakasikia sauti za watu wawili wakiomba na kuimba. Tetemeko la nchi lilikuwa halijaja bado, wala milango ilikuwa haijafunguka. Waliimba migongo yao ingali ikiuma. Jambo hili tusilipite upesi, maana sisi mara nyingi twangoja mlango ufunguke ndipo tuimbe.

Miaka ikapita, na Paulo akawa kifungoni tena. Humo akawaandikia waraka Wakristo wa mji ule ule wa Filipi. Waraka ni mfupi, una sura 4 tu, lakini mmetajwa furaha zaidi ya mara 10. Labda yule mlinzi wa gereza alikuwapo siku uliposomwa. Kama alikuwapo, bila shaka aliitika moyoni, akijua ya kuwa mwandishi huyu haandiki maneno matupu. Maana majeraha yake aliyaosha yeye mwenyewe usiku ule.

Karibu na mwisho wa waraka Paulo aeleza ya kuwa ameijua njaa na ameijua shibe, na ya kuwa katika hali zote amejifunza kuwa radhi. Tuliangalie neno hili: amejifunza. Hakuzaliwa na moyo ulioridhika, wala hakuupata siku ile ya ubatizo wake. Ninyi walimu mwajua mambo ya kujifunza. Mtoto aingiapo darasani siku ya kwanza hajui herufi hata moja, wala hafukuzwi kwa sababu hiyo. Husoma leo, husahau kesho, husoma tena. Basi wewe ambaye moyo wako bado wanung'unika, usidhani ya kuwa umetupwa. Ungali darasani, na Mwalimu wako ni mvumilivu.

Lakini mtu atasema, "Paulo alikuwa mtume, tena wa zamani sana." Vema, na tumtazame mtu wa nchi zetu hizi.

Apolo Kivebulaya alizaliwa Buganda karibu na mwaka 1864. Jina la Kivebulaya maana yake ni kitu kitokacho Ulaya. Watu walimwita hivyo kwa sababu ya koti jekundu la askari alilolivaa juu ya kanzu yake. Alibatizwa mwaka 1895, na mwaka huo huo akaenda Toro kufundisha. Mwaka 1896 alivuka bonde la mto Semliki akafika Mboga, ukingoni mwa msitu mkubwa wa Kongo. Mkuu wa Mboga, jina lake Tabaro, hakuyapenda mafundisho yake. Watu walikatazwa kumpa chakula, naye akashika jembe akalima. Alipigwa. Kisha mwanamke mmoja wa jamaa ya mkuu akafa kwa ajali ya mkuki, na lawama ikamwangukia Apolo. Alifungwa, akapelekwa Fort Portal, akatiwa gerezani.

Katika siku zile za dhiki, kama alivyosimulia mwenyewe, alimwona Kristo akimwambia ajipe moyo, kwa kuwa yu pamoja naye. Hata alipofunguliwa, alikwenda wapi? Alirudi Mboga. Na Tabaro, yule aliyemtesa, akaja kubatizwa. Apolo alipata kuwa kasisi mwaka 1903, na tangu mwaka 1921 aliwaendea Wambuti wakaao ndani ya msitu. Alifariki Mboga tarehe 30 Mei 1933. Aliagiza azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa watu ambao Injili ilikuwa haijawafikia.

Ndugu zetu, mtu aliyepigwa kijijini, akafungwa kwa ajili ya kijiji, akafunguliwa, kisha akakirudia kijiji kile kile, ana kitu ambacho pingu hazikuweza kukichukua. Mboga haikuwa na utajiri wa kumvuta. Paulo naye hakuwa na kitu katika mkatale. Furaha yao haikuwekwa katika mali, ambayo nondo na mwizi huifikia, bali katika Yeye aliye pamoja nao. Ndiyo sababu ilipita mlango wa gereza pamoja nao, wakiingia na wakitoka.

Wala tusidhani ya kuwa furaha hii ni kucheka siku zote. Bwana wetu mwenyewe alilia penye kaburi la Lazaro. Mama aliaye kwa ajili ya mtoto wake aliyekufa hakuipoteza furaha ya Kikristo. Imeshuka chini, kama maji ya kisima wakati wa kiangazi, lakini haikukauka. Wazee wetu husema, "Heri kufa macho kuliko kufa moyo." Moyo ulioshikwa na Kristo huweza kulia sana, wala haufi.

Liko na neno jingine, nalo twalisema wazi, kwa kuwa wako watu waitumiao habari ya kuridhika vibaya. Kuridhika si kunyamazia uovu. Yule Paulo aliyeimba usiku, asubuhi yake wakuu wa mji walituma watu wamfungue atoke kwa siri. Akakataa. Alisema ya kuwa wamepigwa hadharani bila hukumu, nao ni raia wa Rumi. Basi wakuu waje wenyewe wawatoe. Nao wakaja, wakawasihi. Na miaka ile ya kifungo chake, Wafilipi walipomletea msaada kwa mkono wa Epafrodito, hakuukataa kwa kujivuna kuwa ameridhika. Aliupokea akashukuru.

Kwa hiyo mwalimu aliyecheleweshewa mshahara wake na aulize kwa adabu, naye hakutenda dhambi. Mtoto mwenye homa na apelekwe hospitali upesi, wala mtu asiseme ya kuwa kuomba kwatosha bila dawa. Na mume anywaye fedha ya chakula, kisha akamwambia mkewe aridhike kwa kuwa ni Mkristo, huyo haihubiri Injili, bali ajificha nyuma yake. Wazee wa kanisa wasimwache mama huyo peke yake.

Basi twajifunzaje? Twawapa mambo matatu, ambayo kila nyumba yaweza kuyafanya.

La kwanza, wakati wa sala ya jioni kila mtu wa nyumbani, hata mtoto mdogo, ataje jambo moja alilopokea siku hiyo. Mmoja atataja mvua, mwingine samaki, mwingine kwamba bibi ameamka bila maumivu. Nyumba ifanyayo hivi kwa mwezi mmoja itaona ya kuwa macho yake yamezoea kutafuta wema.

La pili, mtoe katika kidogo mlicho nacho. Makanisa ya Makedonia yalikuwa maskini, nayo yalitoa kuwasaidia Wakristo wa Yerusalemu kwa furaha nyingi. Mkono uliofumbwa hauwezi kuwekewa kitu.

La tatu, msingoje moyo uchangamke ndipo msali. Salini na moyo mzito. Paulo na Sila hawakuulizana kwanza kama wanajisikia kuimba.

Na wewe ndugu uliyeuliza barazani, hatukukusahau. Nyasi za paa lako zaoza kweli, na mahubiri hayazuii mvua. Basi na tuje, sisi ndugu zako wa kanisa, kila mtu na mzigo wake wa nyasi, tuliezeke paa lako kabla ya masika. Mama mmoja na aandamane na mkeo kumpeleka mtoto hospitali. Huenda furaha ile uliyoitafuta itakuja kwako hivyo, imebebwa vichwani mwa watu pamoja na nyasi. Maana Bwana apendapo kukaa na mtu, mara nyingi huja na jamaa yake.

Mungu Baba azilinde nyumba zenu, na amani ya Kristo ikae mioyoni mwenu, mkipata na mkipungukiwa. Amina.