Wafinalisti wetu hawalali

Mama wapenzi, leo tufanye hesabu pamoja. Binti mmoja wa mwaka wa nne wa humanite, hapa kwetu Lwiro, anaamka saa kumi za usiku. Anachota maji bidoni mbili, anafagia, anawasha makala, anamuosha mdogo wake. Saa moja na nusu yuko kwenye mstari wa bendera. Masomo yakiisha anabaki kwenye marudio ya wafinalisti, kisha shamba, kuni, kutwanga sombe, kusonga bugali. Mara mbili kwa juma kuna korali. Daftari anazifungua saa tatu ya usiku, kwa tochi ya simu, mpaka saa sita.

Amelala masaa manne. Mtoto wa miaka 14 hadi 17 anahitaji masaa nane mpaka kumi. Aliyefika 18, saba au zaidi. Tukimpa manane tu, kila usiku anabaki na deni la masaa manne. Jumatatu hadi Jumamosi, deni ni masaa 24. Sisi wa likelemba tunajua mtu anayeruka zamu kila juma anaishia wapi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliandika alama tatu za uchovu wa namna hii: nguvu zinakwisha kabisa, moyo unajitenga na kazi, na kazi yenyewe haizai tena. Waliandika juu ya watu wa kazi, si wanafunzi. Lakini huyu binti, tutasema hafanyi kazi?

Hospitali ya Lwiro ilitufundisha kutambua bwaki: nywele zinageuka rangi, miguu inavimba. Uchovu huu haujionyeshi hivyo. Darasani tunamuona mtoto aliyekuwa anainua mkono wa kwanza, sasa anaangalia dirishani. Nyumbani anajibu kwa hasira, anasoma ukurasa mmoja mara tatu, kichwa kinamuuma kila jioni. Mama anasema ni kiburi. Au anasema ni mapenzi (mara nyingine ni kweli!). Lakini kwanza muulize alilala saa ngapi.

Februari 2025, vita ilipofika Kavumu na Bukavu, masomo yalikatika. Watoto waliporudi walikuta daftari zina mapengo, na pengo linajazwa usiku. Wengine hata kitanda kikiwapo usingizi hauji, kwa sababu ya woga. Huyo asiyelala hata akipewa nafasi, au anayesema afadhali afe, siku ileile apelekwe kwa muuguzi wa kituo cha afya. Hilo halingoji mtihani.

Mtihani wa Serikali, katika kikao chake cha kawaida, unachukua siku nne: utamaduni wa jumla, sayansi, lugha, na masomo ya chaguo. Mtoto anapewa majibu kadhaa, achague moja. Aliyechoka hashindwi kwa sababu hajui. Anashindwa kwa sababu hakuona neno dogo kama “si” katikati ya swali. Tena, yale aliyosoma mchana akili inayapanga akilala. Kukesha usiku wa kuamkia mtihani ni kumwaga maji uliyokwisha kuchota.

Nani anamtwika? Mwalimu anaweka chake, mama chake, korali chake, na hakuna anayeuona mzigo mzima. Na tuseme wazi: saa kumi hiyo ya usiku, kaka yake analala. Wapo vijana wanaochoka pia, wanaofyatua matofali au kubeba mizigo sokoni ili walipe ada, na hao nao tuwahesabie. Lakini bidoni ya maji haijui msichana wala mvulana.

Kwa miezi mitatu kabla ya mtihani tunaomba hivi. Maji ya asubuhi yachotwe na wengine nyumbani. Korali imruhusu apumzike mpaka amalize, Mungu hatakasirika. Apewe saa moja na nusu ya kusoma mwanga wa jua ukiwa bado upo, na saa nne ya usiku simu na daftari vifungwe. Marudio yasiyoisha mapema, komite ya wazazi izungumze na prefe.

Kwenye kikao chetu cha Jumapili, kila mama mwenye finalisti alete karatasi yenye siku nzima ya mtoto wake, saa kwa saa. Asiyejua kuandika, mtoto amwandikie. Na kaka yake aandike ya kwake.