Farini ya nyama ku mpaka: karatasi ya duane haitoshi



Kila mara mtu anayefuga kuku wa mayai au nguruwe hapa Goma ananiuliza jambo lile lile: "Ingé, ng'ambo kuna mtu anauza farini ya nyama, protini asilimia 50, bei iko chini kuliko turto ya soja. Naweza kuingiza?" Jibu fupi: ndiyo, lakini si farini yote, na si kwa karatasi ya duane peke yake. Jibu refu linaomba uvumilivu kidogo.

Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe, sababu ku soko kila unga wa kahawia unaitwa "farini". Farini ya nyama na mifupa inatoka kwenye mabaki ya machinjio: yanapikwa, mafuta yanakamuliwa, kinachobaki kinasagwa. Protini yake iko kati ya asilimia 45 na 55, na inaleta pia kalisi na fosfori nyingi. Farini ya damu inapita asilimia 80. Farini ya samaki ikiwa nzuri inafika 60 hadi 65. Farini ya manyoya iko juu kwa karatasi, lakini tumbo la kuku halipati mengi humo. Mtu akikuambia "protini 50" bila kusema mnyama gani, bado hajakuambia kitu.

Mnyama gani: swali hilo ndilo lililozaa sheria zote. Mwaka 1986 Waingereza walitambua ugonjwa mpya wa ng'ombe, ule tunaouita wa ng'ombe wazimu. Ulikuwa unasambazwa na chakula: ng'ombe walilishwa farini iliyotoka kwa ng'ombe wengine. Mwaka 1988 Uingereza ikakataza kuwapa wanyama wanaocheua farini ya wanyama wanaocheua. Sasa sikilizeni hii, sababu inatuhusu sisi: viwanda havikufunga. Farini ambayo ng'ombe wa kwao hawakuruhusiwa kula iliendelea kuuzwa nje kwa miaka kadhaa, kwa nchi ambazo hazikuuliza. Machi 1996 serikali yao ikatangaza kwamba ugonjwa huo unaelekea kuwa umeingia kwa watu, na hapo biashara ikakatwa. Kuanzia Januari 2001 Umoja wa Ulaya ukakataza farini za nyama kwa mifugo karibu yote ya chakula. Mwaka 2021 walilegeza kidogo: ya nguruwe kwa kuku, ya kuku kwa nguruwe, kamwe si ya mnyama kwa ndugu yake.

Kinacholeta ugonjwa ule si mikrobu ya kawaida, na moto wa sufuria hauuwezi. Kipimo kikali cha Ulaya ni nyuzi 133, presha ya bar 3, dakika 20, vipande visizidi milimita 50, na hata hapo wanasema hatari imepungua, hawasemi imeisha. Salmonella yenyewe inakufa kwa moto, lakini inarudi kwenye mfuko uliolala mahali penye unyevu na panya. Kati ya mwisho wa miaka ya 1960 na mwanzo wa 1970, farini ya samaki kutoka Peru iliingiza aina moja ya Salmonella, Agona, kwa kuku wa Marekani na Uingereza, na kutoka kwa kuku ikapita kwa watu. Farini ile ilikuwa na karatasi za biashara. Na kwa sisi wenye nguruwe kuna homa ya nguruwe ya Afrika, ambayo haina chanjo ya kutegemea hapa kwetu: damu au nyama ya nguruwe iliyopikwa nusu inatosha kumaliza banda zima.

Basi, karatasi. Watu wengi wanaanza na duane. Mimi naona ni kuanzia mkiani. Karatasi ya kwanza ni ruhusa ya kuingiza, inayotolewa na huduma ya mifugo ya serikali. Mu provinsi mlango ni inspeksheni ya kilimo, uvuvi na mifugo. Inaombwa kabla ya kulipa muuzaji, si wakati lori limeshafika. Ya pili ni cheti cha afya cha mifugo kutoka nchi inayouza, kilichotiwa sahihi na daktari wa mifugo wa serikali ya kule. Sahihi ya mwenye kiwanda si cheti, hata iwe na muhuri tatu. Ndani ya cheti tafuta mnyama wa asili, jina la kiwanda, joto na muda wa kupika, namba ya loti na matokeo ya Salmonella. Shirika la Afya ya Wanyama Duniani, WOAH, lile lililoitwa zamani OIE, linaweka kanuni ambayo huduma za mifugo zinaisoma: farini ya wanyama wanaocheua isitoke nchi ambayo hatari yake ya ng'ombe wazimu haijapimwa. WOAH inatangaza orodha ya nchi zilizopimwa. Angalia nchi ya muuzaji wako humo, na kama bidhaa imepitia nchi nyingine, angalia ile ya kwanza ilikotengenezwa.

Ndipo duane. Ku DGDA bidhaa inajulikana kwa namba kuliko jina. Farini ya nyama ni 2301.10, ya samaki 2301.20. Unga wa mifupa uko 05.06, damu iliyokaushwa 05.11, unga wa manyoya 05.05, turto ya soja 23.04, na provende iliyochanganywa tayari 23.09. Kuna mukomisionere atakayekuambia "tuandike provende tu, inapita haraka". Inapita, kweli. Lakini ukisema provende, hakuna anayeuliza mnyama gani, na siku ya ukaguzi ni jina lako liko kwenye deklarasyo. TVA ni asilimia 16. Sheria ya kilimo ya tarehe 24 Desemba 2011 inasamehe ushuru na kodi za kuingiza kwa pembejeo zinazotumika katika kilimo tu, ila msamaha haujileti wenyewe: unaombwa kwa maandishi mbele ya mzigo kufika. OCC nayo inachukua sampuli na kupima ubora. Hapo juu ongeza lisansi ya kuingiza inayopitia benki.

Kuna jambo ambalo halifundishwi vya kutosha ku fakulte. Amri ya Machi 2002 iliyopunguza huduma za mpakani ilitaja nne: duane, OCC, DGM na usafi wa mpakani. Daktari wa mifugo hayumo katika hizo nne. Unaweza kuvuka na kila muhuri uliodaiwa mezani, na hakuna aliyesoma kama farini yako ni ya ng'ombe au ya samaki. Sheria ya mifugo inabaki pale pale, lakini anayeikumbuka ni wewe. Wengine wanasema tangu Kongo ilipoingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022 mambo hayo yameisha. Hapana. Ushuru ni neno moja, afya ya wanyama ni neno lingine; mkataba wa biashara wa dunia wa mwaka 1995 unaiachia kila nchi haki ya kudai cheti, mradi sababu zake ni za kisayansi.

Na tuseme ukweli wa sasa. Tangu M23 ilipochukua mji mwishoni mwa Januari 2025, ofisi za mpaka ziko mikononi mwa utawala mwingine, na benki zilipofunga milango, lisansi ya benki imekuwa hadithi. Niliyoeleza ni sheria ya taifa. Kwa vyovyote, cheti cha nchi inayouza kinabaki kupatikana, sababu hakitoki Goma. Hicho usikiache.

Shida kubwa ya farini, kwa maoni yangu, iko ku Petite Barrière. Bamama wanaobeba ni wachapakazi, siwasemi wao. Ila mfuko wa kilo 50 unafunguliwa ng'ambo, unagawanywa vifurushi vya kilo 10 ili upite kama bidhaa ndogo, na ule mfuko wenye etiketi unabaki kule. Loti imepotea, mnyama amepotea. Huku inachanganywa na pumba, na kesho mtu wa Masisi anamnunulia ng'ombe wake wa maziwa "provende ya nguvu". Kuku anaweza kula farini ya ng'ombe bila kupata ule ugonjwa. Ng'ombe hapaswi kuigusa kabisa. Maziwa na fromaji ya Masisi ndivyo vinavyosomesha watoto wengi wa huku, pengine hata wewe unayesoma.

Chukueni kalamu. Kuku 500 wa mayai wanakula karibu gramu 120 kila mmoja kwa siku, ni kilo 60, ni kilo 1,800 kwa mwezi. Ukiweka farini asilimia 5 unahitaji kilo 90, haifiki mifuko miwili. Protini hiyo hiyo, kilo 45, inapatikana kwa kilo kama 102 za turto ya soja ya asilimia 44, ingawa utalazimika kuongeza fosfori na kuangalia metionini. Kwa mifuko miwili, kutafuta ruhusa, cheti na mukomisionere haina maana. Inaanza kuwa na maana wafugaji wakiwa ishirini, wakinunua loti moja, kwa cheti kimoja. Mtu peke yake, mimi namwambia abaki na soja na sambaza zilizovunjika, au ndagala, mradi zimekauka na mchanga umepepetwa. Mifupa ya machinjio ikichomwa mpaka iwe nyeupe na kusagwa inatoa fosfori bila wasiwasi, sababu protini yote imeungua.

Mkinunua loti pamoja, fungueni mfuko mmoja mbele ya wote, mpige picha ya etiketi pamoja na cheti, na mtoe nusu kilo kwenye chupa kavu yenye namba ya loti. Andikeni nani alichukua mifuko mingapi na tarehe gani. Mifuko ikae juu ya mbao, mbali na chakula cha ng'ombe na mbuzi, na chupa isitupwe mpaka kuku waliokula loti ile wote wameuzwa.