‘Sorry’ yangu ilinikata mshahara: Kiingereza cha kujikinga mambo yakichacha kazini

Nilijibu ile barua nikiwa ndani ya matatu, Jogoo Road, simu ikiwa imebaki na asilimia tisa ya chaji. Ilinichukua dakika kumi. "I am very sorry for what happened. Kindly forgive me, it will not happen again." Nikatuma, nikashusha pumzi, nikajiambia mambo yameisha.

Kumbe ndio yalikuwa yanaanza.

Nilikuwa na miaka 22. Chuo nilikuwa nimeacha mwaka wa pili baada ya karo kukataa kupatikana, na kazi niliyobahatika kupata ilikuwa ya kukaa kwenye kaunta ya malipo katika duka moja la vifaa vya simu katikati ya jiji la Nairobi. Ijumaa moja jioni hesabu ikagoma kulingana. Sh14,600 hazionekani. Jumatatu nikakabidhiwa ile barua ambayo maofisini huitwa "show cause", yaani jieleze ni kwa nini usichukuliwe hatua. Kiingereza chake kilikuwa kigumu kama ugali wa jana: "You are hereby required to show cause why disciplinary action should not be taken against you."

Sikuwa nimechukua hata shilingi. Ile droo tulikuwa tunaitumia watu wawili, na supavaiza alikuwa na ufunguo wake. Lakini jibu langu halikusema hata moja kati ya hayo. Nilichomaanisha mimi ni "poleni kwa hasara". Walichosoma wao ni "nimekiri". Siku ya kikao, mama wa HR aliweka jibu langu mezani, akaligonga kwa kalamu na kusema, "You have already apologised, so there is nothing to discuss." Kikao kiliisha kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Pesa zikakatwa kwenye mshahara wangu miezi miwili mfululizo.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiokota sentensi za Kiingereza cha kazini na kuziweka kwenye simu, zingine kutoka kwa marafiki walio maofisini, zingine kutoka kwa makosa yangu mwenyewe. Kwa sababu tusidanganyane: kazini tunacheka kwa Kiswahili na kusengenyana kwa Sheng, lakini siku ya kupigwa kalamu shughuli nzima inaendeshwa kwa Kiingereza. Na anayekimanya ndiye anayetoka na hadithi yake ikiwa imeandikwa.

Tuanze na hiyo "sorry". Mkenya huitumia kama "pole". Mtu akijikwaa kwenye ngazi, wewe uliye mita kumi mbali unamwambia "sorry". Hukumsukuma, unamhurumia tu. Kwa mdomo hakuna anayekosea maana. Kwenye karatasi, tena chini ya tuhuma, neno hilo linageuka sahihi yako.

Kama ningerudishwa ndani ya ile matatu leo, ningeandika hivi: "I acknowledge receipt of your letter. I regret that the money was lost. However, I do not accept that I was responsible." Angalia vile inafanya kazi. "I acknowledge receipt" inasema barua imenifikia, haisemi nimekubali yaliyomo. "I regret that the money was lost" inabeba pole yako yote bila kukutaja wewe kama uliyezipoteza. Halafu "however" inavuta hendibreki. Baada ya hapo unaomba ushahidi: "Please share the sales records for that day so that I can respond fully." Na kama wamekupa saa chache za kujibu: "May I have until Friday to respond in writing?" Si dhambi kuomba muda. Usijibu ukiwa ndani ya gari, usijibu ukiwa na njaa, na kwa hakika usijibu ukiwa umetoka kugombana na supavaiza.

Na kuhusu kukatwa mshahara, kuna jambo ambalo natamani mtu angeninong'onezea. Sheria ya Ajira ya 2007 inamruhusu mwajiri kukata pesa zilizopungua ikiwa zimepotea kwa uzembe wako au kwa kukosa uaminifu, na ikiwa mkataba wako unasema waziwazi kwamba wewe ndiye uliyekabidhiwa kupokea na kutunza pesa. Mimi mkataba sikuwa nao. Niliambiwa "utaletewa" nikangoja hadi nikaondoka. Sheria hiyo hiyo inasema kazi ya miezi mitatu au zaidi iwe na mkataba ulioandikwa, na kuuandaa ni jukumu la mwajiri, si lako. Kwa hivyo sentensi fupi ya siku hiyo ingekuwa: "Which clause of my contract allows this deduction?" Ni swali tu, na halina matusi, lakini lingefanya mtu atafute faili.

Sasa twende kwa mambo ya kila siku, yale ambayo hayafiki kwenye barua.

Ni Ijumaa, saa kumi na moja kasorobo, umeshavaa begi mgongoni. Mdosi anakuja na kazi nyingine. Sisi tumelelewa kutomkatalia mkubwa usoni, kwa hivyo mdomo unasema "it's okay" huku roho ikisema mengine. "It's okay" ni "sawa" yetu, na "sawa" ya Mkenya ina maana kama ishirini, kuanzia "nimekubali" hadi "ngoja utaona". Mdosi yeye anachukua ile ya kwanza. Sentensi iliyonisaidia hapa ni "I can do that. Which of these should wait?" Hujakataa. Umemwonyesha mzigo uliopo na kumwachia achague kipi kishuke. Kama hakuna kinachoweza kushuka, unaongeza: "I can have it ready by Monday at ten." Mpe saa. Ukisema "I will try", umeahidi hewa.

Kitu kingine tunachoharibu ni "you are lying". Mtaani "acha uongo" ni stori tu, hata mnacheka. Kwa Kiingereza, mbele ya meneja, umemwita mtu mwongo na sasa kesi ni yako. Sema "That is not how I remember it." Kisha eleza unavyokumbuka, kwa saa na siku: "I handed over the keys at six on Thursday." Huhitaji kumvua mtu nguo ili ukweli wako usimame. Halikadhalika "you must pay me", ambayo ni "lazima unilipe" iliyovalishwa suti isiyomtosha. Jaribu "I have not received my salary for last month. When should I expect it?" Upole wake usikudanganye, maana swali lenye "when" linadai tarehe.

Halafu kuna ile ya kufokewa mbele ya watu. Rafiki yangu alikuwa akihudumu katika mkahawa mmoja Nakuru, na meneja alikuwa na tabia ya kumkemea wateja wakitazama, hadi mtoto anaacha kula chipsi ili asikize. Siku moja akamwambia, kwa sauti ya chini kabisa, "I would like to talk about this, but not in front of customers." Meneja akanyamaza. Wakaenda nyuma jikoni, wakazungumza. Sisemi walipatana, lakini kelele ya mbele ya wateja ilipungua. Ananiambia siri haikuwa maneno pekee, ilikuwa ile sauti. Ukiyasema hayo hayo kwa kupiga meza, umeanza vita vipya. Na ukikatizwa ukijieleza: "Please allow me to finish." Kisha umalize kweli, usianze kurudia kila kitu kutoka enzi za Nuhu.

Kuna sentensi ambazo ningekushauri uzijue ili uzitambue zikija, si ili uzitumie. "As per my last email" maana yake ni "kwani hujui kusoma?" "With all due respect" ni king'ora kwamba heshima inaondoka mlangoni, na waheshimiwa wetu bungeni wanaitumia hivyo hivyo. "Kindly advise" kutoka kwa mdosi, bila salamu, ni dalili kwamba tayari ana jibu na anataka kuona kama utalidanganya. Ukipata moja ya hizi, usijibu kwa moto. "Thank you for raising this. Here is what happened" inatosha, halafu ueleze.

Kama ni kweli umekosea, basi kosa. "I made a mistake. I sent the wrong parcel. I have already called the customer." Sentensi tatu, umemaliza. Wengi wetu tunaomba msamaha hadi tunakiri na makosa ya jirani.

Lakini si kila kitu kinastahili upole. Mtu akikushika kazini au akikuletea maneno ya chumbani, weka "kindly" na "sorry" kando. "Stop. Do not touch me again." Fupi, kwa sauti inayosikika. Kisha uandike siku, saa, mahali na aliyekuwepo. Sheria ya Ajira inakataza dhuluma za kingono kazini, na mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi anatakiwa awe na sera ya maandishi juu ya jambo hilo. Uliza: "May I have a copy of the sexual harassment policy?" Hata kama hawana, umeshauliza na swali lako limesikika.

Hapo kwa kuandika ndipo penye sentensi ninayoipenda kuliko zote. Baada ya mazungumzo yoyote magumu, jioni hiyo hiyo kabla hujalala, tuma imeili: "Following our conversation this afternoon, this is my understanding of what we agreed." Kisha orodhesha. Kama mdosi alikuahidi kukurudishia pesa, andika. Kama alisema uende nyumbani "hadi tukuite", andika hiyo pia, na umwombe arekebishe kama umekosea: "Please correct me if I have misunderstood." Akinyamaza, una karatasi. Akijibu, una karatasi mbili. WhatsApp pia si mbaya, ila usitegemee noti za sauti. Mtu akibadilisha simu zinapotea.

Najua unachowaza. Kuna mahali hizi sentensi hazifui dafu. Kwenye mjengo, foremani hangoji umalize "following our conversation". Kuna mabosi ambao hata ukiwaongelesha kama mtangazaji wa BBC, kibarua chako kitaota nyasi tu. Mimi mwenyewe nimewahi kusema "may I have that in writing" nikaambiwa mlango uko wapi. Ndiyo maana karatasi ni muhimu, kwa sababu kuna watu wengine wa kuzisoma. Ukifutwa bila haki, unaweza kupeleka malalamishi kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu. Kwenda Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, sheria inakupa miaka mitatu. Watakachouliza kwanza ni ulicho nacho mkononi.

Sasa nikuambie kilichonifanya nicheke peke yangu siku niliposoma Kifungu cha 41 cha sheria hiyo. Kinasema mwajiri akitaka kumfuta mtu kwa utovu wa nidhamu au kwa kutofanya kazi vizuri, lazima kwanza amweleze sababu *kwa lugha ambayo mfanyakazi anaielewa*. Na mfanyakazi ana haki ya kuwa na mwenzake wa kazi, au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi, wa kuchagua mwenyewe, na wote wawili wasikizwe kabla ya uamuzi. Imekuwa hapo tangu 2007. Mimi nilikaa pale mbele ya yule mama peke yangu, nikitikisa kichwa kwa maneno niliyokuwa nikielewa nusu, kwa kuona haya kuuliza. Kiswahili ni lugha ya taifa na pia lugha rasmi, Katiba ya 2010 inasema hivyo, na mimi nilikuwa naona aibu kukiongea ofisini.

Kwa hivyo sentensi mbili za mwisho ninazokupa ni hizi. "I would like a colleague to be present." Na hii nyingine, ambayo unaisema kwa Kiingereza ili utoke kwenye Kiingereza: "Could we do this in Kiswahili, please?"

Niliitumia mara ya kwanza kwenye kazi yangu ya pili, dawati la kupokea malalamishi katika kampuni moja ya kusafirisha vifurushi. Vifurushi vya wateja vilikuwa vimechelewa wiki nzima na jina langu ndilo lililokuwa kwenye ratiba. Nikaitwa juu, nikaenda na mwenzangu mmoja. Meneja akaanza, "We have observed with great concern..." Nikangoja afike mwisho wa aya. Nikaomba, kwa adabu, tuongee Kiswahili.

Alinitazama kama sekunde tano hivi. Kisha akafunga laputopu, akaegemea kiti na kusema, "Haya basi, kijana. Niambie ilikuwaje."