Thumuni si asilimia nane

 Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tunaomba ruhusa yako tuzungumzie hesabu, tena zile ambazo mtoto wa darasa la sita anapaswa kuziweza.

Miaka michache iliyopita tulialikwa katika kikao cha mirathi. Marehemu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliacha mjane, watoto wawili wa kiume na watatu wa kike. Gharama za maziko na madeni zilikwisha lipwa, wosia hakuacha, na mali iliyobaki ilikuwa shilingi 24,000,000. Mzee mmoja wa familia alisoma aya ya 12 ya Suratun-Nisaa kwa tajwidi nzuri, akaeleza kuwa mke aliyeachwa na mume mwenye watoto hupata thumuni. Kisha akachukua kalamu, akaandika kuwa fungu la mjane ni asilimia nane, yaani shilingi 1,920,000. Kikao kizima kikaitikia. Mjane hakusema neno, nasi tuliokuwemo hatukuona kitu.

Tuliona tulipofika nyumbani, tulipozirudia hesabu zile kwenye daftari. Thumuni ni sehemu moja ya nane, na moja ya nane ya 24,000,000 ni 3,000,000. Mama yule alikuwa amepunjwa shilingi 1,080,000 na watu wasiokuwa na nia yoyote ya kumdhulumu. Mgawanyo wenyewe, ukifanywa sawasawa, ni mwepesi mno. Mali inakuwa mafungu manane: mjane moja, kila mtoto wa kiume mawili, kila wa kike moja. Kila mtoto wa kiume apate 6,000,000, kila wa kike 3,000,000. Jumlisha, zinarudi 24,000,000 bila kubaki hata senti. Tulirudi kwa aibu kesho yake, na alhamdulillahi watoto wa marehemu walirudisha kilichozidi bila ubishi.

Tangu siku ile tumekuwa tukijiuliza: yule mzee aliihifadhi aya, nasi pia tuliihifadhi. Ni kipi tulichokosa? Tulikosa mazoezi. Tuliwahi kufundishwa sehemu na asilimia shuleni, tukafaulu au tukafeli, tukazisahau, kwa kuwa hakuna aliyetuambia kuwa siku moja haki ya mjane itasimama juu yake. Watoto wetu nao wanapita njia hiyo hiyo. Hisabati imekuwa kwa miaka mingi somo linaloangusha watahiniwa wengi katika mtihani wa kidato cha nne hapa Tanzania, na mzazi anayesikitika mwezi wa matokeo mara nyingi ndiye aliyepitisha mwaka mzima bila kumuuliza mwanawe swali moja la hesabu.

Basi na tuwaulize, tena maswali yatokane na mambo wanayoyaona nyumbani. Kwa mtoto mdogo aliyekwisha jua kujumlisha: rakaa za faradhi kwa siku ni ngapi? Mbili, nne, nne, tatu, nne, jumla 17. Kwa wiki je? Atazidisha kwa saba, atasema 119. Hapo mwulize baba yake aliyeswali Ijumaa msikitini ameswali ngapi. Mwache afikiri. Akikumbuka kuwa swala ya Ijumaa ni rakaa mbili mahali pa nne za adhuhuri, atasema 117, na atakuwa amejifunza kulisoma swali kabla ya kukimbilia kuzidisha. Tasbihi nazo ni somo: 33 mara tatu ni 99, na moja ya kutimiza mia.

Mtoto wa darasa la tano au la sita apewe zaka. Mama ana duka, mwaka umetimia, ana fedha taslimu 1,650,000, bidhaa zenye thamani ya 3,150,000, na friji ya kuwekea soda aliyoinunua kwa 700,000. Tuchukulie kuwa mali imefikia nisabu. Atoe kiasi gani? Mtoto mwenye haraka atajumlisha namba zote tatu, kwa vile ameziona zimeandikwa. Friji ni chombo cha kazi, haikuwekwa kuuzwa, haimo. Zinabaki 4,800,000, na zaka yake ni robo ya sehemu moja ya kumi: gawa kwa kumi, upate 480,000, kisha gawa kwa nne, upate 120,000. Hakuna haja ya simu wala kikokotoo. Na akiuliza nisabu ni kiasi gani, mpeleke dukani kwa sonara aulize bei ya gramu moja ya dhahabu na ya fedha, azidishe ya kwanza kwa 85 na ya pili kwa 595. Ataona mwenyewe jinsi viwango hivyo viwili vinavyotofautiana leo, na swali la kipi kifuatwe atamwulizia sheikh wake.

Kwa watu wa mashamba, gunia 12 za mahindi za kilo 100 zilizomea kwa mvua zinatolewa sehemu moja ya kumi, kilo 120. Zilizomwagiliwa kwa gharama zinatolewa nusu ya hiyo, kilo 60. Na mwenye mbuzi 40 anatoa mmoja, mwenye 120 pia mmoja, mwenye 121 wawili. Jambo hili huwashangaza sana watoto, na mshangao huo ni mwalimu mzuri.

Hatukubuni kitu kipya, ndugu msomaji. Muhammad bin Musa al-Khwarizmi, aliyeishi Baghdad zama za Khalifa al-Ma'mun katika karne ya tisa, ndiye aliyeandika kile kitabu ambacho neno aljebra limetokana na jina lake. Wengi wanalijua hilo. Wasiolijua ni kwamba sehemu kubwa ya kitabu hicho ni maswali ya wasia na mirathi: fulani amekufa, ameacha hawa na hawa, ameusia kiasi hiki, kila mmoja apate nini? Aljebra inayowatoa jasho vijana wetu iliandikwa, kwa kiasi chake, ili warithi wasidhulumiane. Hata neno asili, ambalo mwalimu wa shule hulitumia kwa namba ya chini ya sehemu, wanachuoni wa mirathi hulitumia kwa maana iliyo karibu na hiyo wanaposema asili ya mas'ala.

Kijana wa sekondari apewe lile swali mashuhuri linaloitwa la mimbari, kwa kuwa imepokewa kuwa Sayyidna Ali (r.a.) aliulizwa akiwa juu ya mimbari, akalijibu papo hapo. Mtu amefariki, ameacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke thumuni, mabinti thuluthi mbili, baba sudusi, mama sudusi. Asili ni 24: mke 3, mabinti 16, baba 4, mama 4. Jumla 27! Kijana atadhani amekosea, atafuta, atarudia, na itatoka 27 tena. Hajakosea. Mafungu yamezidi mali, na hapo ndipo kanuni ya auli inapoingia: mali igawanywe mafungu 27 badala ya 24, kila mmoja apungue kwa uwiano. Ikiwa mali ni 27,000,000, mke anapata 3,000,000, na thumuni yake imegeuka kuwa sehemu moja ya tisa.

Maswali mawili kwa siku yanatosha, baada ya magharibi, madaftari yakiwa wazi. Mtoto aeleze kwa mdomo amefikaje kwenye jibu, na akikosea asichapwe wala asichekwe. Sisi tulikosea tukiwa na mvi. Walimu wa madrasa nao tunawaomba: mtoto akisomeshwa aya za mirathi, na apewe ubao na chaki. Hatusemi watoto wawe makadhi. Mirathi ya kweli ipelekwe kwa wajuzi, lakini aketi mbele yao mtu anayeweza kuifuatisha hesabu.

Swali la wiki hii ni hili: mwanamke amefariki, ameacha mume, binti mmoja, baba na mama, na mali ya shilingi 6,500,000. Lifanyeni pamoja leo jioni. Jibu tutalitoa Ijumaa ijayo, inshaallah.